Kisa cha Zai: tiba ya michezo kwa mtoto mwenye Rett, na kwa nini tuliacha kumshika mikono

Kabla ya stori yenyewe

Jina Zai sio la kwake, umri nimeuzungusha kidogo, mkoa siutaji zaidi ya kusema ni pwani ya Tanzania, na vitu viwili vitatu ambavyo jirani angevisoma akasema "aah, huyu si mtoto wa fulani" nimevitoa. Wazazi wamesomewa andiko lote wakakubali, mama akaomba kitu kimoja tu, nisiandike kama vile mtoto amepona. Hajapona. Mi nilikuwa upande wa tiba ya michezo, yaani kumtibu mtoto kwa kucheza naye, wengine kwenye timu ni daktari wa watoto, fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo), na mtaalamu wa tiba kwa vitendo ambaye hospitalini kila mtu anamwita oti, na hapa nitamwita hivohivo.

Naandika kwa wenzangu wanaokutana na watoto wenye magonjwa adimu ya jeni kama hii Rett ya Zai, na kwa wazazi pia manake mengi ya humu hayahitaji cheti.

Historia ya mtoto

Zai alifika kwetu akiwa na miaka mitano kasoro, mtoto wa pili, dada yake ana minane. Alizaliwa salama, uzito mzuri, akakaa kwa wakati wake, akawa anasema "mama", "maji" na neno lake mwenyewe la kumuitia paka. Kutembea alichelewa kidogo, alikuwa anashika kiti anasogea. Afu kuanzia kama mwaka na nusu vitu vikaanza kuondoka kimoja kimoja, kwanza kikombe kikawa kinamdondoka, baadae hata biskuti hashiki, maneno yakapungua mpaka yakaisha, usiku analia bila sababu inayoonekana au anacheka peke yake, na mikono ikahamia kifuani ikawa inasuguana kutwa nzima kama mtu ananawa sabuni isiyotoka. Mama anasema kilichomuuma sio maneno, ni kipindi ambacho mtoto aliacha kumwangalia usoni. Ilipita miezi kadhaa ndo macho yakarudi, na yaliporudi yakarudi kwa nguvu, anakukazia mpaka unajiuliza una nini usoni.

Njiani alipewa majina mengi. Kwanza waliambiwa ni matokeo ya degedege, baadae mtindio wa ubongo, baadae usonji, na kila jina lilikuja na mazoezi yake na foleni yake. Nyumbani nako kombe limenywewa, hirizi imefungwa shingoni, na bibi mzaa baba akawa ameshafunga kesi kichwani mwake kwamba haya mambo yametoka kwa kina mama mtu, kwao kuna mtoto wa shangazi naye alikuwa hasemi.

Daktari wa watoto aliyemuona baadae alishtuliwa na vitu viwili kwa pamoja, ile mikono, na pumzi. Zai akiwa macho alikuwa anapumua haraka haraka, afu anaibana pumzi kabisa, tumbo linajaa hewa linakuwa gumu, akilala anapumua kawaida. Akaandika Rett kwa dalili alizoziona, sampuli ya damu ikapelekwa nje ya nchi kwa hela ya ndugu kuchangishana, majibu yakarudi baada ya miezi yakisema kuna mabadiliko kwenye jeni ya MECP2.

Kwa asiyeijua Rett: inampata mtoto mmoja hivi kati ya watoto wa kike 10,000, jeni yenyewe ipo kwenye kromosomu X. Andreas Rett, daktari wa Vienna, aliwaandika hawa wasichana mwaka 1966 na karibu hakuna aliyemsikiliza mpaka 1983, Bengt Hagberg wa Sweden na wenzake walipochapisha habari za wasichana 35 kutoka nchi tatu za Ulaya, na jeni ikapatikana 1999 kwenye maabara ya Huda Zoghbi kule Houston. Kwa mtu wa michezo la kushika ni hili: mtoto mara nyingi anajua anachotaka, ila amri ya kwenda mkononi inachelewa sana au haifiki kabisa, na kadri anavyokazana au anavyoharakishwa ndo inazidi kukwama. Ukimpima kwa mikono utasema haelewi kitu.

Uamuzi wa kwanza haukuwa wa michezo

Ulikuwa wa namna ya kuwaeleza majibu wazazi. Mabadiliko haya karibu mara zote yanatokea mapya kwa mtoto mwenyewe, hayajarithiwa kwa yeyote, na uwezekano wa kujirudia kwa mtoto mwingine ni mdogo sana. Sasa kuna kipande cha ziada, tafiti zimeonyesha kwamba mara nyingi yanaanzia kwenye mbegu ya baba. Tulijadili tukiseme au tusikiseme. Mmoja alitaka tukiseme kwa sauti ili mama apumue, maana alishabebeshwa vya kutosha, na kiukweli hata mi kishawishi hicho kilinipata. Lakini kumtua mzigo mama ukamtwika baba hujafanya kitu, umehamisha tu ugomvi kutoka jikoni kwenda barazani. Tukakubaliana waambiwe ukweli kwamba haikutoka kwenye ukoo wowote, ni kosa la kunakili linalojitokea lenyewe wakati mbegu inatengenezwa, halikuletwa na chakula wala tabia wala mtu, na kama wakiuliza mbegu ya nani wajibiwe bila kufichwa.

Baba akauliza. Akajibiwa. Akakaa kama mtu anayepiga hesabu afu akasema, "Basi mama yangu aambiwe na dokta mwenyewe, mi akisikia kutoka kwangu atasema nimelishwa maneno." Bibi akaitwa, akaamkiwa, akaelezwa taratibu. Hakusema amekubali, ila mama mtu anasema kuanzia hapo ule msemo wa "kwenu" haukusikika tena, na kwa nyumba ya pwani yenye bibi hilo sio dogo.

Hirizi hatukuigusa kama imani. Tuliomba tu isikae shingoni kwa sababu ya kamba kumkaba mtoto akiwa kwenye kifafa, manake kifafa pia anacho, bibi mwenyewe akaihamishia kwenye gauni kwa pini ya kulea mtoto.

Mpango wa kwanza na ulivyokwama

Rufaa iliyotufikia iliandikwa "kuboresha matumizi ya mikono". Kwa hiyo mpango ukaanzia hapo na kila mtu akaona ni sawa: oti anaweka kishikizo laini kwenye kiwiko kimoja ili mikono isikutane, mtoto anakalishwa kwenye zulia, mbele yake rafu ya vinyago vingi vya rangi, vingine vinawaka taa vinapiga muziki, tunambadilishia mpaka apate atakachokigusa, asipogusa tunamshika mkono tunamgusisha. Mama yupo pembeni kwenye benchi. Dakika 45.

Alikuwa analia, sio kilio cha njaa wala cha maumivu, kile cha chini kinachoendelea bila kupumzika. Pumzi inapanda, tumbo linajaa, meno yanasaga mpaka unasikia upande wa pili wa chumba, na kila tukimshika mkono anauvuta au anaung'ata. Akitoka hapo analala mpaka jioni, na kuna siku waliporudi mama alisema wazi, "Dada, mi sijui kama anacheza au anafanyishwa kazi." Fizio alikuwa na wazo kwamba labda ni mkao, tukampa kiti cha kona, tukamviringisha kanga kiunoni asiyumbe, miguu ikafika chini, tukamvalisha soksi maana miguu ya hawa watoto inakuwa ya baridi hata Machi. Kilio kikapungua kidogo tu.

Kilichotugeuza ni video. Mama alikuwa anarekodi na simu yake ili amtumie baba kwa wasapu, tukamuomba tuiangalie pamoja taratibu kwenye kompyuta ya ofisini, na ndipo tukaona kitu ambacho ukiwa ndani ya chumba huwezi kukiona: Zai anauangalia mpira wa njano, anageuza macho kwa oti, anarudi kwa mpira, mikono inasuguana kwa kasi zaidi, na baada ya sekunde kama 20 kiwiko kinaanza kusogea kuelekea mpira. Lakini mpira haupo. Sekunde ya nane au ya kumi umeshaondolewa, umewekwa kinanda kinachowaka taa. Tukaangalia kipande kingine, hivohivo. Mtoto alikuwa anajibu swali la kwanza wakati sisi tupo swali la tatu, na ule mkono tunaoushika kumsaidia ulikuwa umeshaanza safari yake wenyewe.

Virginia Axline, mmoja wa waanzilishi wa tiba ya michezo, alishaandika mwaka 1947 kwamba mtaalamu asiiharakishe tiba, iende kwa mwendo wa mtoto, na hiyo kanuni kila aliyesoma tiba ya michezo ameikariri. Ila mwendo wa mtoto wa kawaida mwenye huzuni na mwendo wa mtoto mwenye Rett ni vitu viwili tofauti. Kusubiri sekunde 20 au 30 bila kusema neno, bila kutikisa kinyago, bila "haya Zai, chukua Zai, ona Zai", ni kazi ngumu kwa mtu mzima yeyote, mjaribu leo nyumbani muone.

Mpango wa pili: macho yafanye kazi ya mikono

Tulikaa timu nzima pamoja na mama tukaupangua upya. Vinyago vikashuka mpaka viwili kwa wakati mmoja, vimewekwa usawa wa macho yake, mbali kiasi cha kumlazimu ageuze macho waziwazi. Akikitazama kimoja akakaa nacho, ndo chaguo lake, tunakitaja kwa sauti ya kawaida, "umechagua kopo", na tunacheza nacho mbele yake vile anavyoonekana kutaka. Kumshika mkono kukaachwa kabisa, mkono wa mtu mzima unaenda chini ya wa kwake, viganja juu, yeye akitaka kuegemea aegemee, asipotaka basi. Kishikizo cha kiwiko kikatolewa kwenye mchezo kikahamishiwa wakati wa kula, ambako kilimsaidia kweli kwa sababu mkono mmoja ukitulia alikuwa anaweza kusogeza kijiko kwa msaada. Muda ukawa nusu saa, asubuhi, akiwa ameshakula na ameshapata choo, manake kufunga choo kwa hawa watoto ni tatizo la kila wiki na mtoto mwenye tumbo gumu hawezi kucheza. Siku amepata kifafa usiku hakuna mchezo, wanapiga simu tu tunaahirisha bila maneno.

Na katikati ya vinyago viwili tukaweka kadi ya tatu, kipande cha boksi kilichochorwa kiganja kilichosimamishwa. Maana yake: basi, sitaki, toa.

Hii kadi ndo ilibishaniwa kuliko vyote. Oti alisema, na hoja yake ilikuwa na uzito, ukimpa mtoto njia rahisi ya kukataa atakataa kila kitu na hatutafika popote. Mi nikasema kwa sasa anakataa tayari, kwa kujing'ata. Tukakubaliana kujaribu, na kama itaua kila kitu tutaitoa.

Ikawa hivi. Mama (wakati huo ameshahama kwenye benchi yupo kwenye zulia) analeta kingoma kidogo. Zai anaangalia kingoma. Anaangalia kadi. Anaiganda. Mama anasema "basi ngoma", anaificha nyuma ya mgongo. Kimya. Afu Zai akacheka, ile ya tumboni. Mama akakirudisha kingoma kwa tahadhari, Zai akaangalia kadi tena, kikaondoka tena, kicheko. Nusu saa nzima ikaisha hivo, ngoma inakuja, ngoma inafukuzwa, mama naye akawa anajifanya anasikitika, anaondoka nayo amenuna, mtoto anashindwa kujizuia. Kwenye fomu ya siku hiyo sehemu ya "matumizi ya mikono" ilibaki tupu na oti akauliza kwa utani uliokuwa nusu utani, leo imefanyika nini hapa? Jibu langu mpaka leo ni lilelile, mtoto ambaye kwa zaidi ya miaka mitatu amevalishwa, amelishwa, amegeuzwa, amechomwa sindano, amepelekwa asikotaka, alimfukuza mtu akafukuzika. Sesheni kadhaa zilizofuata zilikuwa za kufukuza tu. Baadae akachoka nazo mwenyewe, akaanza kuchagua vitu vya kubaki navyo.

Alivyocheza baada ya hapo

Alipenda makopo ya maziwa kupangwa juu ya mwenzake, akiangalia mnara afu akimuangalia mama maana yake angusha. Baadae akaanza kuuangusha mwenyewe kwa kiwiko, hakuna aliyemwambia, na fizio ambaye alikuwa amekata tamaa na kufikia kwa mkono akafurahi kuliko sisi wote. Mchezo wa kujipikilisha na dada yake ulikuja polepole, dada anauliza "tupike wali au ugali", anainua sufuria mbili za plastiki, anasubiri. Kusubiri dada mtu alijifunza haraka kuliko watu wazima, alikuwa anahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo.

Kuna kipindi Zai alilazwa, dawa za kifafa zikabadilishwa, akapigwa sindano nyingi na kipimo cha umeme wa moyo kikafanyika (kwa Rett kinatakiwa kifanyike, kwa sababu baadhi yao mapigo ya moyo yana hitilafu na kuna dawa za kukwepa, kwake kilikuwa sawa). Aliporudi kwetu tukaongeza mdoli wa kitambaa na bomba la sindano lisilo na sindano. Akaliangalia bomba, akamuangalia mdoli, akanikazia mimi. Nikamchoma mdoli, mdoli "akalia". Macho yakaenda kwenye bomba tena. Tukarudia wiki baada ya wiki, pumzi yake ikawa inabana mwanzoni afu ikawa haibani tena.

Hapo nataka kuweka angalizo. Ni rahisi mno kwa mtu wa tiba ya michezo kuanza kuandika "mtoto anachakata maumivu ya kulazwa" wakati alichofanya mtoto ni kuangalia vitu vitatu. Tulijiwekea utaratibu: pande zinabadilishwa, chaguo lilelile linaulizwa mara ya pili likiwa upande mwingine, na kama macho yanaenda kulia tu siku nzima basi siku hiyo hatuandiki chaguo lolote, tunaandika kachoka. Mama ndo alikuwa mkali wa hilo kuliko wote, alikuwa anasema "hapo hajachagua, hapo kaona nzi". Kwenye mambo ya mdoli tuliandika tulichokiona na tukaacha tafsiri pembeni kwa alama ya kuuliza.

Na kwenye pumzi pia tulilazimika kuandika utaratibu ukutani, kwa sababu siku moja alibana pumzi mpaka midomo ikabadilika rangi na mwanafunzi aliyekuwa zamu akataka kumtia maji. Tukaandika: mkalishe wima, usimtikise, usimtie kitu mdomoni, angalia saa, pumzi ikirudi acha apumzike, midomo ikibaki imebadilika rangi au pumzi isiporudi haraka ita daktari palepale. Akianza kutingishika mlaze kwa ubavu, ikizidi dakika 5 ni hospitali moja kwa moja.

Kumuachia mama usukani

Nauli ya bajaji kuja na kurudi ilikuwa inakula faida ya siku mbili ya vitumbua vya mama, kwa hiyo kuendelea kuja kila wiki kulikuwa hakuna maana hata kama tiba ingekuwa nzuri vipi. Njia ya kufundisha wazazi wenyewe waongoze mchezo wa tiba ipo muda mrefu, Bernard na Louise Guerney wa Marekani waliianza miaka ya 1960, nusu saa ya mchezo maalumu kwa wiki, mzazi anafuata mtoto, haulizi maswali ya mtihani, hafundishi, anasema anachokiona. Tukamfundisha mama hivo. Boksi la nyumbani likawa na makopo, kingoma, mdoli, kanga kuukuu ya kujifichia, chupa ya plastiki yenye mchele ndani iliyozibwa kwa gundi, kioo kidogo kisichovunjika, na ile kadi. Boksi halitolewi muda mwingine wowote.

Alitutumia video, nasi tunamjibu kwa sauti za wasapu. Kitu kilichomshinda mwanzoni ni kukaa kimya, alikuwa anaongea kwa wasiwasi, tukamwambia awe anahesabu kimoyomoyo mpaka 30 kabla ya kufungua mdomo. Bibi naye akaingia kwa mlango wake, alikuwa anajiandaa kwenda harusini akainua doti mbili za kanga mbele ya Zai akauliza avae ipi, akasubiri, akavaa ile iliyotazamwa, na huko harusini akawa anaeleza watu nani kamchagulia. Hatukumfundisha hilo, aliliona kwa wengine.

Baba ni dereva wa masafa, yupo nyumbani siku chache kwa mwezi. Yeye aliona video nyingi kuliko alivyocheza.

Hali baada ya mwaka hivi

Kilio kile cha chini kwa sehemu kubwa kimeisha, kujing'ata kumebaki siku za choo kigumu au usingizi mbaya. Kwa mama, dada na bibi anachagua kati ya vitu viwili na "basi" kwa namna ambayo hata ukibadilisha pande jibu linabaki lilelile mara nyingi. Kwa mtu mgeni hachagui, anamkodolea macho tu. Kiwiko na mgongo wa mkono anavitumia kusukuma na kuangusha. Kushika hakujarudi. Maneno hayajarudi. Kutembea ni kwa kushikwa kama mwanzo. Kifafa kipo, kimepungua kwa dawa, sio kwa michezo. Mgongo umeanza kupinda na fizio anaufuatilia.

Mama amerudi kwenye biashara yake ya asubuhi kwa sababu sasa bibi anakubali kubaki na mtoto, na hiyo sidhani kama ingeonekana kwenye fomu yoyote tuliyokuwa nayo.

Nini kilifanya kazi, nini hakikufanya

Kusubiri kulifanya kazi, na sio kwa uzuri wa moyo, ni kwa sababu ugonjwa wenyewe unachelewesha amri. Miongozo ya kimataifa ya mawasiliano kwa watu wenye Rett iliyotoka 2020 inasisitiza hilohilo, mpe muda ajibu. Video ya simu ya kawaida ilitupa tulichokosa kwa macho yetu, na kwa mtoto yeyote ambaye mwili wake unachelewa ningesema anzeni nayo wiki ya kwanza kabla ya kuandika lengo lolote.

Kadi ya kukataa ilifanya kazi kuliko kinyago chochote. Hoja ya oti kwamba atakataa kila kitu ilikuwa sahihi kwa wiki kadhaa afu ikaacha kuwa sahihi, na mtu asiyejua hilo angeitoa kadi katikati. Angalieni pia kwamba kukataa lazima kuheshimiwe hata siku ambayo msimamizi amekuja kuangalia kazi, ukimdanganya mtoto mara moja kadi inakufa.

Vinyago vya taa na muziki vilitudanganya. Vinapendeza kwenye picha, wafadhili wanavipenda, ila kwa Zai vilikuwa vinapandisha pumzi, na kwa mtoto asiyeweza kukizima kinyago mwenyewe hiyo sio burudani. Kishikizo sio kibaya, kiliwekwa sehemu isiyo yake. Lengo la mikono nalo sio la kutupwa, ila kulifanya ndo mlango wa mchezo kulimfanya mtoto afeli kila siku mbele ya mama yake.

Kitu ambacho timu yote haikukisema mapema na kwa uwazi ni kwamba michezo haitamrudishia maneno. Mama alikuwa anasubiri hilo kimoyomoyo kwa miezi, tukaja kulijua alipouliza "sasa ataanza lini". Inabidi lisemwe kwenye kikao cha kwanza, kwa upole lakini kwa maneno yasiyopindwa, na lirudiwe. Ikaja na ishu ya dawa: baba alisoma mtandaoni kwamba Marekani imeruhusu dawa ya Rett, na ni kweli, trofinetide iliruhusiwa kule Machi 2023. Daktari alimwambia ukweli wote, kwamba ipo, kwamba inapunguza baadhi ya dalili kwa baadhi ya watoto na sio ya kuponya, kwamba bei yake kule ni ya kutisha na kwamba hapa kwetu hawezi kuiandika akaipata. Kwa muda baada ya hapo baba hakutaka kusikia habari za makopo na kingoma, na namuelewa, ukishajua kuna dawa mahali, mtu anayekuletea kopo la maziwa anaonekana anakutania. Alirudi polepole mwenyewe. Hatukumsukuma.

Shule ndo sehemu iliyofeli na bado haijakaa sawa. Zai alipokelewa kwenye kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi, mwalimu ni mtu mzuri na darasa limejaa watoto wenye mahitaji ya kila aina, kusubiri sekunde 30 kwa mtoto mmoja kwake ni anasa. Tulimpelekea kadi na karatasi ya maelezo ya kurasa nne, ikakaa kabatini, na siwezi kumlaumu, kurasa nne anazisoma saa ngapi. Sasa hivi tumebadilisha: maelezo ni video ya dakika moja na nusu ya dada mtu akicheza na Zai, na badala ya kumtaka mwalimu atumie kadi kutwa nzima tumemuomba sehemu moja tu, saa ya uji, amuonyeshe kikombe na kadi ya basi, asubiri. Wiki zilizopita ilifanyika baadhi ya siku. Msaidizi wa darasa akiwepo inafanyika, asipokuwepo haifanyiki, na barua ya kuomba awepo kila siku ipo kwa mkuu wa shule.